Tulianza na ya Tatu

Babu akampiga mjukuu wake risasi, na kibanda kizima kikanyamaza.

Tulikuwa watoto kama kumi na wawili mbele ya TV ya chogo ya inchi kumi na nne. Wengine tulibanana kwenye benchi, wengine walikaa chini kwenye mchanga, na mmoja alining'inia dirishani kwa sababu siku hiyo hakuwa na hela. Pedi ilikuwa mikononi mwa kaka yangu. Alikuwa amemaliza gemu akitumia Jin, na kwa kuwa amemaliza, mashine ikawa inatuonyesha sinema fupi kama zawadi. Kijana amesimama, amechoka, jitu alilopigana nalo limeshaanguka. Wanaingia askari, wanammiminia risasi. Halafu anatokea mzee mwenye nywele zilizosimama pande mbili za kichwa kama pembe, anashika bastola kwa mkono wake mwenyewe, anamalizia kazi. Mzee yule tulimfahamu. Ni Heihachi Mishima, mzazi wa baba yake Jin.

"Babu?" akauliza yule wa dirishani. "Babu yake kabisa?"

Mtu wa mbali anaweza asione tatizo. Baba akimpiga mwanawe, hilo tungelielewa. Baba zetu walitupiga, tena kwa sababu ndogo kuliko ufalme. Lakini babu na mjukuu ni watani. Mimi nilipewa jina la babu yangu, kwa hiyo bibi aliniita mume wangu mpaka siku anaingia kaburini, na babu akinikuta nimekaa karibu na bibi alinifukuza kwa fimbo akisema namwibia mke. Babu ndiye mtu mzima pekee unayeweza kumwambia amezeeka vibaya na ukalala salama. Hapigi. Akipiga, anapiga kwa kanga ya bibi. Sasa huyu wa kwenye TV ametoa bastola.

Kaka yangu ndiye aliyeokoa jahazi. Katika kibanda kile yeye alikuwa mtafsiri wetu. Miaka hiyo sifa za Lufufu zilikuwa zimefika hadi kwetu: yule mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa akiingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya sinema za nje, akieleza, akichekesha na kuongeza mambo ambayo mtunzi hakuyafikiria. Kaka aliikohoa sauti yake ikawa nzito kama ya Lufufu, akasema, "Watazamaji, msiwe na haraka. Babu anamjaribu tu. Anataka kujua kama damu ni yenyewe."

Na wakati uleule, Jin akaamka. Macho yamebadilika, mabawa meusi yamemtoka mgongoni, akamvurumisha babu yake hadi nje ya ukuta, akaruka usiku akaenda zake. Kibanda kilipasuka kwa kelele. Yule wa dirishani alianguka.

"Nimewaambia," akasema kaka, akaweka pedi chini.

Gemu lenyewe lilikuwa Tekken 3. Kampuni ya Namco ya Japani ililitoa mwaka 1997 kwenye mashine kubwa za kumbi za michezo, zile za kutumbukiza sarafu, na mwaka 1998 likaja kwenye Playstation. Sisi Tabora lilitufikia mwaka 2003 hivi, mimi nikiwa na miaka tisa na kaka kumi na minne. Kibanda kilikuwa mtaa wa Ng'ambo, chini ya mwembe, na mwenyewe alikuwa mzee mstaafu wa reli. Pambano moja lilikuwa shilingi hamsini, ile sarafu yenye sura ya Mzee Mwinyi upande mmoja na faru na mtoto wake upande wa pili. Anayepigwa anapisha. Anayeshinda anaendelea kukaa, ndiyo maana kaka aliweza kushinda Jumamosi nzima kwa sarafu moja, huku mimi nikimaliza faru wangu wote kabla ya adhuhuri na kubaki nikitafuna matobolwa niliyofungiwa na mama.

Diski ilikuwa ya kunakili. Diski halisi za Playstation zilikuwa nyeusi upande wa chini, nyeusi kama sahani za santuri. Yetu iling'aa rangi ya fedha, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito TEKEN 3, akisahau K moja. Mashine nayo ilikuwa imechoka. Ukiiweka kawaida haikusoma, kwa hiyo mzee aliilaza kifudifudi, miguu juu, na hapo ilikubali. Niliishi miaka mingi nikiamini hivyo ndivyo Playstation inavyokaa. Baadaye niligundua kwamba ugonjwa ule ulizipata mashine nyingi za aina ile duniani, na dawa yake ilikuwa hiyohiyo: jicho la kusomea likichoka kwa joto na uzee, watu waliigeuza mashine juu chini. Mzee wetu wa Ng'ambo hakuambiwa na mtu. Aliigundua mwenyewe, kama walivyogundua wengine Brazili na Uturuki.

Vitu vya namna hii vilitufikia kwa treni. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800 za reli, na mzigo wowote wa Kariakoo uliokuwa unakwenda Kigoma au Mwanza ulilazimika kupita kwetu, kwa kuwa Tabora ndipo njia zinapogawanyika. Reli ilifika mjini mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa ilifuata mapito ya misafara ya zamani. Kabla ya reli, mzigo ulikuja kwa kichwa na kwa bega. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, karibu kilo 32, na kijana ambaye hajawahi kwenda pwani na kurudi alihesabiwa bado mtoto. Kutoka pwani zilikuja shanga, merikani, kaniki na nyaya za shaba. Kwenda pwani zilikwenda pembe za ndovu na, tusifiche, watu. Wapelelezi Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani hapahapa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, Burton alihesabu kwamba ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Tekken 3 ilitumia kama miaka mitano. Ila haikupoteza wapagazi.

Darasa la nne walitupeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kuona tembe aliloishi Livingstone. Tulitembea kwenda na kurudi. Mwalimu alitueleza kwamba Stanley aliondoka pale Machi 1872 kurudi pwani, akamwacha mzee anasubiri atumiwe wapagazi na vifaa, na kwamba alisubiri hadi Agosti. Miezi mitano amekaa barazani anaangalia njia. Wenzangu walipiga miayo. Mimi nilimwelewa Livingstone siku hiyo kuliko nilivyowahi kumwelewa mzungu yeyote, maana wiki ileile diski yetu ilikuwa imekwaruzika na mzee wa kibanda alikuwa ameagiza nyingine Dar es Salaam. Kila treni ilipopiga honi tulikimbilia stesheni.

Jambo ambalo lilinichukua muda kulifahamu ni kwamba sisi tulianza na ya tatu. Hakuna mtoto wa Ng'ambo aliyekuwa ameiona ya kwanza wala ya pili. Kusema kweli hatukujua kama zipo. Ile 3 tuliielewa kwamba ni raundi: kila pambano lilikuwa la ushindi mara mbili, kwa hiyo likikaza sana linafika raundi ya tatu, na mantiki hiyo ilitutosha. Huko gemu lilikotengenezwa, watu walilipokea kama mwendelezo. Walikuwa wamelingoja. Walijua kwamba tangu mashindano ya pili miaka mingi imepita ndani ya hadithi, kwamba Jin ni mtoto wa Kazuya na Jun, kwamba Forest Law amekaa mahali pa baba yake Marshall, kwamba Nina hajazeeka kwa sababu alikuwa amegandishwa usingizini. Wao walikuwa wanakutana na watoto wa watu waliowafahamu. Sisi tulikutana na watoto bila kuwajua wazazi, kama mtu anayehamia mtaani baada ya mazishi.

Basi wazazi tukawatunga. Kila mtu pale alipewa ukoo na kabila, na jina likabadilika. Mokujin, yule wa mbao ambaye kila raundi anaiga mtindo wa mtu mwingine, alikuwa Gogo, na ilikubalika kwamba ni mganga. Kuma alikuwa Dubu, ingawa dubu hatukuwahi kumwona hata kwenye picha ya kalenda. Paul mwenye nywele zilizosimama kama mnara tulimfanya dereva wa lori. King alikuwa Chui. Ukimtazama kwa haki, kinyago chake ni cha chui wa Amerika, mnyama mnene kuliko wetu, lakini nani angebishana? Alinguruma badala ya kusema. Kaka alimpenda huyu kuliko wote. Jin alimtumia kumalizia gemu tu. Akitaka kumdhalilisha mtu alimchukua Chui. Chui hakupiga ngumi nyingi, alikamata. Akikushika mara ya kwanza hakuachii, anakuunganisha na mshiko wa pili, wa tatu, halafu anakubeba kwa miguu na kukuzungusha kama kombeo kabla hajakurusha. Kaka alikuwa na daftari la hesabu ambalo kurasa za nyuma zilijaa maumbo: mraba, pembetatu, duara, eksi, na mishale. Mwalimu wake alilikuta, akadhani ni jometria, akampa pongezi.

Mimi nilicheza na Eddy, na ninalisema hili nikijua heshima yangu inapungua. Eddy Gordo wa Brazili alikuwa mgeni katika gemu la tatu, hakuwepo kabla. Anapigana kwa kapoera: anacheza, anapinduka, anasimama kwa mikono, miguu inakuja kutoka asikokutarajia mtu. Na alikuwa na siri moja mbaya, kwamba mtoto asiyejua chochote akibonyeza vitufe vya mateke hovyohovyo anaweza kumpiga bingwa. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Mzee wa kibanda ilibidi atoe amri, akaiandika kwa chaki kwenye mlango: EDI MWISHO SAA 8 MCHANA. Baada ya saa nane walibaki wanaume.

Sikujua wakati huo kwamba miondoko ya Eddy ilichukuliwa kwenye mwili wa mtu halisi, mwalimu wa kapoera Marcelo Pereira, ambaye waliunakili uchezaji wake kwa mitambo ili kijana wa kwenye kioo acheze kama yeye. Wala sikujua kwamba kapoera ilizaliwa na Waafrika waliovushwa bahari kwenda kutumikishwa Brazili, wengi wao kutoka upande wa Angola na Kongo. Misafara iliyopita Tabora ilielekea pwani nyingine, ya mashariki, na sitaki kulazimisha undugu usiokuwepo. Lakini najua tulivyokuwa tunacheka Eddy akianza kuyumba yumba akingoja kengele, mguu mmoja nyuma, mkono mbele ya uso. Bibi alipita siku moja kunifuata, akasimama mlangoni, akatazama kidogo. Akasema, "Huyu anajua ngoma." Halafu akanivuta sikio tukaenda nyumbani.

Gemu lilianza na watu kumi. Wengine walikuwa wamefichwa, na ili watoke ilibidi umalize mapambano yote kwa mtu mmoja, atoke mmoja. Umalize kwa mwingine, atoke mwingine. Hata Heihachi mwenyewe ilibidi umtafutie namna hiyo. Kwa anayemiliki kadi ya kumbukumbu hiyo ni kazi ya wiki moja, ukimaliza umemaliza. Kadi ya Playstation ilibeba kilobaiti 128 zilizogawanywa vyumba 15. Picha moja ya simu ya leo haitoshei humo, lakini ukoo mzima wa Mishima uliingia na nafasi ikabaki. Sisi hatukuwa nayo. Mashine ikizimwa, kila kitu kinafutika, na asubuhi wanakuwa kumi tena. Tulimwomba mzee anunue kadi, tukajitolea hata kuchanga. Akakataa kila mara, akisema kadi zinaharibu mashine. Nilikuwa mtu mzima kabisa siku nilipoelewa kwamba kila asubuhi ile ya kuanza upya ilikuwa sarafu zetu. Alikuwa mfanyabiashara hodari yule.

Na umeme nao ulikuwa na zamu zake. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa na nchi nzima ikaingia kwenye mgawo, lakini hata kabla ya hapo tulizoea. Kuna Jumapili kaka alikuwa amewatoa tisa. Tisa! Hatujawahi kufika huko. Amebakiza pambano la mwisho ili atoke wa kumi, na mtaa mzima umeshaitwa, hata watu wazima wamesimama nyuma. Kioo kikajikunja kikawa nukta nyeupe, nukta ikazima. Hakuna aliyesema neno. Kaka alikaa na pedi mkononi labda dakika nzima, akitazama kioo ambacho sasa kilimwonyesha sura yake mwenyewe. Kisha akageuka kutafsiri, kwa sauti ileile ya Lufufu: "Na hapo ndipo wote wakarudi makwao kulala."

Kulikuwa na mchezo mwingine humohumo ndani, wa mpira. Mnapigana kwa kuupiga mpira kama wa wavu, mko ufukweni, na nyuma yenu kuna bahari. Hatukuupenda kama mchezo, ni wa kitoto. Tulikuwa tunauweka ili kuiona ile bahari. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameshawahi kuiona. Tulibishana kama maji yanasimama au yanatembea. Babu zetu wa babu zetu walikwenda kwa miguu miezi mitatu wakaiona Bagamoyo, wakarudi wakiwa wanaume. Sisi tulilipa hamsini.

Ya nne ilitoka Japani mwaka 2001 na kutufikia tukiwa tumeshaanza sekondari, kwenye Playstation 2, kibanda kingine, mjini karibu na soko. Sina mengi ya kusema juu yake. Ilikuwa nzuri kwa macho, na kuta zilikubana. Mzee wa Ng'ambo alikuwa ameshafunga kibanda akaanza kuuza asali.

Ya pili niliiona mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, chuoni, bwenini. Rafiki yangu mmoja, Mzaramo, alikuwa ameweka kwenye kompyuta yake programu inayoigiza Playstation, pamoja na magemu yote ya kale. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wanapita kwao, kwa hiyo nilipomwambia tulianza na ya tatu alicheka hadi akalala kitandani. "Ninyi watu wa bara," akasema, "hata hadithi mnaipandia katikati, kama treni." Nikamwambia afungue.

Ilikuwa gemu la mwaka 1996, pikseli zake kama matofali. Watu wanapigana mbele na nyuma tu. Kule kusogea pembeni kukwepa, ambako katika la tatu kila mtu anakuweza, hakukuwepo. Nilicheza usiku mzima nikitafuta jamaa zangu. Kazuya nikamwona, baba yake Jin, na nikasoma kilichotokea. Heihachi alimtupa mwanawe huyo gengeni akiwa na miaka mitano. Mwana akakua, akarudi, akamshinda baba yake, akamtupa kwenye genge lilelile. Baba akapanda tena, na mwishoni mwa gemu la pili akamdumbukiza mwanawe kwenye volkano. Huyo ndiye babu aliyekuwa anajaribu damu kama ni yenyewe.

Nikampigia kaka. Alikuwa Tabora, ana kimeza chake cha fundi simu karibu na stendi, na ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilimweleza yote, genge, volkano, mambo yote, kwa kasi ya mtu ambaye hajalala.

"Kumbe," akasema. Alikuwa anapiga mswaki. "Na Chui yumo?"

"Yumo. Lakini siye yule wetu."

"Si yule wetu kivipi?"

Nikamweleza. King wa kwanza alikuwa mpiganaji aliyelea watoto yatima. Jitu lile la kale, Ogre, likamuua kati ya gemu la pili na la tatu. Mmoja wa watoto aliowalea akachukua kinyago chake, akachukua na jina, akaingia mashindanoni. Huyo ndiye tuliyecheza naye Ng'ambo.

Nikasikia anatema maji. Kimya kidogo.

"Kwa hiyo ni kama wewe na jina la babu," akasema.

"Ni kama hivyo."

"Basi mwambie mtani wako Mzaramo sisi tulikuwa na mrithi, yeye ana marehemu." Akacheka peke yake, kisha akaniuliza kama bei ya vioo vya simu Kariakoo imeshuka, na kama kuna mtu anapanda treni Ijumaa.